Breaking Bad, Sopranos, Dexter au Line of Duty: uanze na ipi, ukijua mashabiki walilia nini mwishoni

Swali ninalolisikia zaidi kwa watu wanaotaka kuanza sizoni mpya ya uhalifu ni hili, "inaisha vizuri?" Simama kwenye laibrari yoyote ya filamu hapa Uganda, iwe Kampala, iwe Arua, iwe Busia, utalisikia. Mtu kaleta flashi yake, kijana anamshushia orodha kwenye kompyuta, Breaking Bad ipo, Dexter ipo, ile ya polisi wa Uingereza ipo, na kabla pesa haijatoka mfukoni anauliza mwisho wake ukoje. Ana haki. Muvi ya saa mbili ikiharibika unaenda kulala, lakini sizoni ya uhalifu inakula wiki zako, inakula usingizi, inakula bando kama unatazama kwa simu, alafu ufike mwisho ukute waandishi walichoka kabla yako. Inauma sana.

Ukienda mtandaoni kutafuta jibu ndo unachanganyikiwa zaidi maana mashabiki wamelia kila mahali. Sopranos walilia, Dexter walilia, Line of Duty walilia, hata Breaking Bad ambayo wengi wanaisifu wapo waliosema mwisho umenyooka mno. Ukiwasikiliza wote hutatazama kitu. Mimi hizi nne nimezitazama mpaka mwisho na nimesoma vilio vyake vingi, na ninachokiona ni kwamba kuna hasira za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna hasira ya kusubiri, mtu amengoja miaka akijijengea jibu lake kichwani, jibu la mwandishi likija dogo kuliko lake anawaka. Hiyo wewe unayeanza leo haitakupata, au itakugusa kidogo tu. Alafu kuna hasira ya kuvunjiwa ahadi, yaani sizoni imekufundisha kanuni zake toka epsodi ya kwanza, umezikubali, umekaa nazo, mwishoni inazikanyaga yenyewe. Hiyo itakupata hata ukizimaliza epsodi zote kwa wiki moja. Kwa hiyo kuchagua ni kujua hii iliyoliliwa ilililiwa kwa hasira gani.

Nitasema miisho waziwazi, siwezi kulinganisha vilio bila kusema watu walilia nini. Hizi zote ni za zamani kidogo, ukiacha nyongeza za baadaye mwisho wa karibuni kabisa ninaouzungumzia ni wa 2021, lakini kama unataka kuingia ukiwa hujui lolote basi ruka mpaka aya mbili za mwisho, huko nachagua tu.

Urefu kwanza kwa sababu ndo unaoamua kwa wengi wetu. Line of Duty mpaka 2021 ni sizoni sita, epsodi 36 tu, kila epsodi kama saa nzima. Breaking Bad 62, sizoni tano. Sopranos 86, sizoni sita. Dexter 96, sizoni nane, na hapo sijahesabu zile walizoongeza baadaye. Kwa mtu anayetazama epsodi mbili kila jioni, Line of Duty haifiki hata wiki tatu, Dexter ni mwezi na nusu na zaidi.

Haya. Ukitaka kuona hasira ya kuvunjiwa ahadi ilivyo, rudi Septemba 2013. Dexter iliisha Jumapili tarehe 22, Breaking Bad ikaisha Jumapili iliyofuata tarehe 29. Wiki moja katikati. Marekani ilikuwa saa tatu usiku, kwetu hapa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, kwa hiyo ukiamka kwenda kazini maneno yameshajaa kwenye simu na epsodi yenyewe bado hujaiona. Mashabiki wengi walikuwa walewale, wanatazama zote mbili, na wiki ile moja iliwapa kipimo ambacho hawakukiomba, maana waliona mwisho mmoja ukitupwa na siku saba baadaye wakaona mwingine ukifungwa.

Dexter ni mtaalamu wa damu kwenye polisi ya Miami, usiku anaua wauaji. Baba yake mlezi, polisi Harry, alimwachia kanuni, usiue asiye na hatia, usikamatwe. Ahadi ya sizoni nzima ilikuwa kwamba ipo siku haya mawili yatagongana, wenzake pale kituoni watajua wanayekunywa naye kahawa kila asubuhi ni nani, na yeye atalipa. Sizoni nane watu wanangoja siku hiyo. Dada yake Debra alikuja kujua, na hapo ndo sizoni ilipowaka kweli, lakini kituo kizima, kina Batista, hawakujua mpaka taa zinazimwa. Epsodi ya mwisho Debra amepigwa risasi, yuko hospitalini hana fahamu na hatapona, Dexter anamzimia mashine, anambeba kwenye boti yake kimbunga kikija, anamwacha baharini mahali palepale alipokuwa anatupa maiti za wauaji. Kisha anaiingiza boti ndani ya dhoruba. Ungeishia hapo watu wangenuna lakini wangekubali. Hapana, kamera inakuja kuonyesha jamaa yuko hai, amefuga ndevu, anafanya kazi ya magogo huko Oregon, anakaa mezani peke yake anatutazama. Basi.

Mashabiki walikasirika hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Na angalia walichokuwa wanasema, hakuna aliyelalamika kwamba ni huzuni. Walilalamika kwamba hakulipa, hakukamatwa, hakufa, na mtoto wake mdogo Harrison kapelekwa Argentina na mwanamke mwingine kama mzigo. Prodyuza mmoja alisema baadaye kwamba televisheni ilikataa Dexter auawe, na ukilijua hilo unaielewa ile epsodi, unaona kabisa waandishi wanatafuta mlango wa pembeni.

Ushahidi kwamba huzuni haikuwa tatizo upo ndani ya Dexter yenyewe. Nenda mwisho wa sizoni ya nne, Desemba 2009. Dexter amemaliza kazi, amemuua yule muuaji Trinity aliyeigizwa na John Lithgow, na Lithgow kwa kazi ile alichukua Golden Globe na Emmy. Anarudi nyumbani, anampigia simu mke wake Rita, anasikia simu inalia mlemle ndani. Anaingia bafuni. Rita amekufa ndani ya maji, na Harrison, mtoto mchanga kabisa, amekaa sakafuni kwenye damu ya mama yake analia, kama vile Dexter mwenyewe alivyokutwa kwenye damu ya mama yake akiwa mdogo. Banange. Hakuna mwisho mchungu kama ule kwenye sizoni zote ninazozijua, steringi ameshinda na amepoteza kila kitu dakika hiyohiyo, na mashabiki waliupenda na bado wanaupenda. Kwa sababu ulitimiza ahadi. Sizoni ilikuwa imekwambia toka mwanzo kwamba ukicheza na wauaji, nyumba yako itaguswa. Ikaguswa.

Walijaribu kurekebisha. 2021 wakaleta New Blood, epsodi kumi, ikaisha Januari 2022 Harrison aliyekuwa mkubwa sasa anampiga baba yake risasi. Wengine wakashukuru angalau amelipa, wengine wakakasirika upya kwa sababu kila kitu kilikimbizwa kwenye epsodi moja ya mwisho na Batista alikuwa njiani anakuja asifike. Alafu 2025 ikaja Resurrection, kumbe hakufa. Mimi naipenda kazi ya Michael C. Hall, anayeigiza Dexter, kuliko waigizaji wengi lakini nasema kwa moyo wangu wote, mtu akifufuliwa mara ya pili kifo chake hakina uzito tena, na kila ulichokililia nyuma kinapungua thamani.

Sasa ile Jumapili iliyofuata. Breaking Bad, epsodi ya mwisho inaitwa Felina, watazamaji milioni 10.3 Marekani, wakati ilipoanza 2008 walikuwa kama milioni moja na kitu. Walter White ni mwalimu wa kemia mwenye kansa anayegeuka kuwa mpishi wa dawa za kulevya, na ahadi ya mtunzi wake Vince Gilligan ilikuwa nyepesi kuielewa, huyu mtu atabadilika mbele ya macho yako, na kila uongo wake utadaiwa. Epsodi ya mwisho ni siku ya kulipa madeni. Anahakikisha pesa inawafikia watoto kwa njia ya wale matajiri aliowachukia. Anammwagia mke wake Skyler ukweli ambao ameukwepa sizoni tano, kwamba hakuyafanya kwa ajili ya familia, aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe, aliyapenda. Anawamaliza kina Jack, genge lililomteka Jesse, mwenzake wa kupika, kwa bunduki aliyoifunga kwenye buti ya gari. Jesse anatoka na gari analia na kucheka kwa pamoja. Walter anakufa ndani ya maabara, mkono kwenye mtungi.

Waliolalamika walisema kila kitu kimeenda sawa mno, mpango wa mtu mgonjwa umefaulu bila kukosea hata kidogo, na wapo waliojenga wazo kwamba kweli Walter alikufa kwa baridi ndani ya gari kule New Hampshire mwanzoni mwa epsodi, na yaliyobaki ni ndoto yake. Nawaelewa. Lakini nadhani wanaitazama Felina peke yake, wakati adhabu yenyewe ilishatolewa epsodi mbili nyuma, Ozymandias, ambayo kwa mashabiki wengi ndo epsodi bora ya televisheni waliyowahi kuiona. Pale ndipo Hank, shemeji yake polisi, anapigwa risasi, familia inapasuka, mtoto wa kiume anamkinga mama yake dhidi ya baba. Baada ya hapo hakuna kipya cha kumnyang'anya Walter, kilichobaki ni kufunga hesabu. Kwa hiyo malalamiko ya Breaking Bad ni ya ladha, hakuna aliyesema amevunjiwa ahadi. Na Jesse ambaye watu walibaki wanauliza alienda wapi walimpa muvi yake 2019, El Camino.

Kwenye kupima mwisho kwa mwisho basi, Breaking Bad na Dexter hazikaribiani hata kidogo.

Sopranos ni kesi nyingine kabisa na ndo ninayoipenda kuizungumzia. Ilianza Januari 1999, ikaisha Juni 10, 2007, HBO, na ile epsodi ya mwisho mtunzi wake David Chase aliiandika na kuiongoza yeye mwenyewe. Tony Soprano, mkubwa wa mafia wa New Jersey, amekaa mgahawani na mke na mtoto wa kiume, wanakula vitunguu vya kukaanga, wimbo wa Journey unacheza, mlango kila ukifunguliwa kengele inalia na Tony anainua macho. Kuna jamaa mmoja kaingia na jaketi, amekaa kaunta, anamtazama tazama Tony, kisha anaingia chooni. Binti yake Meadow yuko nje anahangaika kupaki gari, anashindwa, anarudia, anashindwa, na wewe moyo unakupanda bila kujua kwa nini unaogopa mtu anayepaki gari. Anamaliza, anakimbia kuvuka barabara. Kengele. Tony anainua macho. Giza. Hakuna mziki, hakuna kitu, kama sekunde kumi, ndo majina yanaanza kupanda.

Marekani watu wengi walidhani kebo imekatika. Waliamka kwenye makochi wakapiga piga televisheni. Mimi nilikuwa Bombo kwa mjomba, tunaitazama miaka mingi baada ya hapo, chumba kimejaa, na sekunde ya pili tu mzee akasema "umeme huo umeenda", shangazi akamwambia binti, "mama, leta tochi," watu wameshaanza kutafuta simu gizani, wakati feni juu bado inazunguka na kataa kekundu ka dekoda kanawaka. Majina yalipoanza kupanda hakuna aliyeongea kwanza. Alafu wakaongea wote.

Hasira ya 2007 ilikuwa kubwa, watu walimtukana Chase kwamba amewafanyia mchezo. Ila tazama ilichokuja kuwa. Mwaka uleule epsodi hiyo ilimpa Chase Emmy ya uandishi. Mashabiki wakaanza kurudia nyuma, wakakuta mle kwenye sizoni ya sita Tony na shemeji yake Bobby wamekaa kwenye boti ziwani wanaongea, kwamba siku ikifika pengine hata husikii. Wakaanza kuhesabu kengele za mlango, wakaona mpangilio, kengele, sura ya Tony, kisha anachokiona Tony, na mara ya mwisho anachokiona ni giza. Miaka inapita wanabishana, amekufa hajafa, mpaka 2021 Chase kwenye mahojiano akaonyesha kwamba kweli alikuwa amefikiria kifo, na hata hapo ubishi haukuisha. Ule mgahawa upo kweli, Holsten's, mji wa Bloomfield, New Jersey, na 2024 walipouza ile meza na viti walivyokalia kina Tony mtu alilipa dola 82,600. Kwa kitu kilichotukanwa vile, hicho ni kiasi kikubwa cha mapenzi.

Kwa hiyo Sopranos ilivunja ahadi? Naona hapana. Sizoni nzima ilikuwa inakwambia kwamba mtu wa namna ile hana siku anayoingia mgahawani bila kuangalia mlango. Mwisho ukakukalisha ndani ya hofu yake. Waliokasirika walikuwa wametoa miaka minane na walitaka cheti cha kifo mkononi, ni hasira ya kusubiri ile, na ilipopoa wengi walirudi wakiwa wanaupenda mwisho huohuo. Wapo ambao hawakurudi, nao siwalaumu. Kama wewe ni mtu ambaye muvi ikiisha bila kujibu unakosa usingizi, huu mwisho utakutesa hata leo, hilo nakwambia mapema.

Line of Duty. Hii ndo wengi hapa hawaijui vizuri na ndo naitetea zaidi. Kitengo cha polisi kinaitwa AC-12, kazi yao kuwakamata polisi wenzao wala rushwa, imeandikwa na Jed Mercurio, ilianza BBC 2012. Toka katikati huko kuna fumbo, kuna mkubwa ndani ya polisi anayeendesha yote, herufi yake H, kisha sizoni ya tano wakagundua yule mpelelezi mchafu Dot Cottan alipokuwa anakufa alikuwa anagonga vidole, nukta nne, ambayo kwa alama za Morsi ni H lakini pia ni nne, watu wanne, watatu wamejulikana, mmoja bado. Waingereza walikaa miaka miwili nzima wakikisia huyo wa nne. Wengine walisema ni Hastings mwenyewe, bosi wa AC-12, mzee ambaye watu walimpenda kama baba.

Mei 2, 2021, huko saa tatu usiku, kwetu saa tano, watu milioni 12.8 walikaa mbele ya televisheni Uingereza kuangalia mlango wa chumba cha mahojiano ukifunguliwa. Akaingia Buckells. Ian Buckells, mvivu, mzembe, aliyekuwepo toka sizoni ya kwanza na kila mtu alimdharau. Kilichomkamatisha ni neno moja la Kiingereza analolikosea spelingi kwenye meseji. Nchi nzima ikazira. Kwamba miaka yote hiyo, mauaji yote hayo, kumbe ni huyu?

Na mimi nasema ndiyo, ni huyu, na hapo ndo sizoni ilikuwa mkweli kuliko ambavyo watu walitaka. Buckells hakuwa na akili ya kuendesha mtandao, alipitisha meseji, akapokea pesa, akapandishwa cheo kila akikosea kwa sababu waliokuwa juu yake hawakutaka aulizwe. Mwingereza anaweza kushangaa. Mtu wa Uganda anayefuatilia magazeti, anayejua Mahakama ya Kupambana na Rushwa ilivyo na mafaili, aliyeifuatilia ile kesi ya mabati ya msaada ya Karamoja yaliyodaiwa kuchukuliwa na wakubwa toka 2023 ikisogea na kusimama, huyo hashangai sana akiambiwa uovu mkubwa unaweza kukaa miaka kwa sababu ya watu wadogo wanaotia sahihi na wakubwa wanaoangalia pembeni. Mercurio alitetea hivyohivyo, kwamba walijua kuonyesha rushwa ilivyo kweli hakutamfurahisha kila mtu. Na maandishi ya mwisho kabla haijafunga yanasema nguvu za AC-12 kupambana na uovu hazijawahi kuwa dhaifu kama sasa. Inauma, ila ndo kanuni waliyotufundisha toka mwanzo.

Hii ndo hasira ya kusubiri iliyo safi kabisa. Aliyeikusanya miaka tisa alitaka jitu. Wewe ukiimeza ndani ya wiki tatu, Buckells bado unamkumbuka vizuri toka sizoni ya kwanza, sura yake unayo, makosa yake unayo, na alipoingia kwenye kile chumba cha vioo niliowaona wakitazama mfululizo hawakuzira, walikaa wanarudisha nyuma kichwani kila alipopita. Kosa la kweli ambalo nakubaliana na mashabiki ni kwamba sizoni ya sita ina mwendo mbovu katikati, wanazunguka, na yule mpelelezi Jo Davidson wanamfungia hesabu haraka haraka.

Hizi nyingine nazipitia tu maana zinaulizwa. Prison Break walimzika steringi wao Scofield 2009 watu wakalia barabarani, 2017 wakamrudisha, ugonjwa uleule wa Dexter. Power iliisha Februari 2020, Tariq ndiye aliyempiga risasi baba yake Ghost, chuki ya mashabiki iliangukia mtoto kuliko mwandishi, kwa maana hiyo kazi ilifanyika. Money Heist sehemu yake ya mwisho iliachiwa kwa mikupuo miwili, Septemba na Desemba 2021, wengi waliridhika. The Wire iliisha Machi 2008, waliotazama wakati ule walikuwa wachache hata kelele hazikusikika, mapenzi yalikuja baadaye, na mwisho wake nauweka juu kabisa lakini hiyo nitaiandikia peke yake.

Kitu kingine ambacho kwetu kinabadilisha kila kitu ni sauti. Wengi tunatazama enjogerere, VJ anatafsiri juu ya mziki na maneno ya waigizaji, na kazi yao naiheshimu sana, kina VJ Jingo na VJ Junior wamewapa watu wa hapa sinema ambayo Kiingereza kiliwafungia. Lakini kwa miisho hii chagua vizuri. Sopranos usiitazame na VJ, mwisho wake ni kengele na ukimya, na VJ hawezi kunyamaza sekunde kumi, kazi yake ni kuongea. Breaking Bad inakwenda vizuri na VJ isipokuwa Ozymandias, kuna simu Walter anampigia Skyler anamtukana matusi mabaya, na huku machozi yanamtoka, kwa sababu anajua polisi wanasikiliza na anataka waamini mke hakuhusika. Akitafsiriwa matusi tu bila yale machozi, umepoteza kila kitu. Angalia ya asili hata kama Kiingereza chako ni cha kuvukia, uso wake unatosha. Line of Duty weka maandishi chini, wanaongea haraka, Hastings ana lafudhi yake ya Ireland ya Kaskazini na wote wanapenda vifupisho.

Kuchagua sasa. Kama hujawahi kumaliza sizoni ya uhalifu hata moja na unataka mwanzo, kati na mwisho vilivyoshikana, Breaking Bad, usifikirie mara mbili, vumilia tu sizoni ya kwanza ambayo inakwenda taratibu. Kama una likizo fupi au una bando dogo, Line of Duty, epsodi 36 tu, na ukisikia mtu anasema mwisho ni mbovu muulize alianza lini kuitazama. Kama unaipenda Dexter, itazame, kweli itazame, lakini ishia sizoni ya nne pale bafuni na uchukulie hadithi imeisha. Wapo watakaokwambia sizoni ya saba na Debra ni nzuri na hawakosei, ila ukiigusa ya saba utaivuta na ya nane, na ya nane itakufanyia tulivyofanyiwa sisi.

Na Sopranos ichague kama una mtu wa kubishana naye. Kaka, dada, jirani, yeyote anayekupinga bila kukasirika. Mkubaliane toka mwanzo kwamba epsodi ya mwisho mtaitazama siku moja, chumba kimoja, simu zikiwa na chaji, na hakuna wa kugusa rimoti skrini ikiwa nyeusi.